Babu hakuwa mlevi: sindano ya kifua kikuu na mlango mdogo ndani ya sikio

Kabla hatujaanza, naomba ufanye jaribio dogo. Shika simu yako usawa wa macho, halafu tikisa kichwa kulia na kushoto kwa haraka, kama mtu anayekataa jambo, huku ukiendelea kusoma mstari huu. Unasoma, si ndiyo? Herufi zimetulia. Sasa fanya kinyume chake: tuliza kichwa, tikisa simu kwa kasi ileile. Hapo husomi kitu. Maandishi yamekuwa ukungu.

Macho ni yaleyale na mtikisiko ni uleule. Tofauti ni kwamba kichwa kinapotikisika, kuna kipimo ndani ya sikio kinachohisi mwendo huo na kuyaambia macho yageuke upande wa pili, kwa kiasi kilekile, bila wewe kufikiri chochote. Simu ikitikisika yenyewe, sikio halina habari.

Babu yangu alikipoteza kipimo hicho. Alikipoteza hospitalini, akiwa anapona.

Njia ya Mgeta

Ninayemwita babu ni mjomba wa mama yangu. Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo huyu ndiye aliyekuwa mzee wa nyumba yetu, mwenye kauli juu ya mashamba na misiba. Aliishi Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kule kunakotoka kabichi, karoti na njegere unazozikuta sokoni Morogoro mjini. Kama hujafika Mgeta, elewa jambo moja tu: hakuna tambarare. Mashamba ni matuta yaliyopangwa kama ngazi kwenye mlima, na njia ya kwenda kwa jirani ni kupanda au kushuka.

Katikati ya miaka ya 1980 babu aliugua kifua kikuu. Alilazwa miezi miwili, akachomwa sindano kila siku, akarudi nyumbani na vidonge, akapona kabisa. Aliishi zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, nami nilimkuta nikiwa mtoto. Mchana ungemwona mzima kabisa: analima, anabeba mzigo, anatania watu. Lakini jua likianza kuzama alikaa chini hapo alipo, hata kama ni katikati ya njia, akasubiri aitiwe mtoto wa kumrudisha. Mara nyingi mtoto huyo nilikuwa mimi.

Akijaribu kutembea peke yake gizani alipepesuka. Watu wasiomjua walisema pombe. Babu huyu hata togwa iliyochacha alikuwa akiikataa! Wengine wakasema amerogwa, maana mlevi hupepesuka mchana pia, yeye mchana yuko sawa. Mwenyewe alikuwa na maelezo yake mafupi: "Ni zile sindano. Zilinitoa kaburini, lakini zilitaka malipo."

Sisi watoto tulidhani ni maneno ya wazee. Miaka mingi baadaye, nikiwa darasani nasomea shahada ya uzamili hapa Morogoro, mwalimu akatuonyesha mchoro wa seli moja ya sikio, akataja dawa iitwayo streptomaisini. Nikakumbuka maneno ya babu. Kumbe mzee alikuwa sahihi, na sayansi ilihitaji takribani miaka sitini kueleza kwa nini.

Leo nataka tuifuate safari hiyo. Morogoro siku hizi inasifika kwa panya buku wa SUA wanaonusa kifua kikuu kwenye makohozi, na habari zao umeshazisoma sana. Hii ni habari ya kifua kikuu na sikio.

Dawa iliyotoka kwenye udongo

Kwa muda mrefu kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kusubiri. Mgonjwa alipewa kitanda, chakula, hewa safi, na matumaini. Hapa kwetu hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa kazi hiyo. Waliobahatika walipona wenyewe.

Mambo yalibadilika mwaka 1943 katika Chuo cha Rutgers, New Jersey, Marekani. Mwanafunzi wa uzamivu mwenye umri wa miaka 23, Albert Schatz, alikuwa akichunguza vijidudu vya udongo katika maabara ya Profesa Selman Waksman. Kimoja kati ya vijidudu hivyo kilitoa kemikali iliyoua bakteria wa kifua kikuu. Wakaiita streptomaisini. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake, na wanafunzi wenzangu mnaosoma hapa najua mmeshaguna.

Dawa hii inamuua bakteria kwa kuvuruga kiwanda chake cha protini, yaani ribosomu. Inajibandika hapo, kiwanda kikaanza kutengeneza protini mbovu, bakteria akafa. Tatizo la kwanza ni kwamba tumbo haliinyonyi, hivyo haiwezi kuwa kidonge, lazima ichomwe. Tatizo la pili lilionekana mapema sana. Madaktari wa Mayo Clinic, William Feldman na Corwin Hinshaw, walioijaribu kwa wagonjwa wa kwanza, walitaja mwaka 1945 kwamba baadhi yao walipata matatizo ya mizani ya mwili.

Uingereza ikafanya jaribio kubwa lililoanza mwaka 1947. Wagonjwa walikuwa 107: 55 walipewa streptomaisini gramu 2 kwa siku pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita, kundi la dawa lilikuwa limepoteza watu 4, kundi la mapumziko 14. Ni moja ya majaribio yaliyojenga utaratibu tunaoutumia hadi leo wa kupima dawa kwa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Na ndani ya ripoti hiyohiyo ya mwaka 1948 kuna kizunguzungu, tena kwa wagonjwa wengi.

Aliyetueleza vizuri zaidi hali hiyo ilivyo ni daktari wa Marekani aliyekuwa mgonjwa mwenyewe. Alitibiwa kwa streptomaisini, na mwaka 1952 akachapisha maelezo yake katika jarida kubwa la kitabibu la New England, akiwa ametia herufi mbili tu za jina lake. Anasimulia kwamba ili asome kitabu kitandani alilazimika kukibana kichwa chake katikati ya vyuma vya kitanda. Vinginevyo mapigo ya moyo wake mwenyewe yaliyarusha maandishi. Fikiria hilo: moyo unadunda, kichwa kinatikisika kidogo mno, na kwa kuwa kipimo cha sikio kimekufa, dunia nzima inaruka. Ni lile jaribio la simu, ila yeye hakuwa na namna ya kulisimamisha.

Sindano inafika kwetu

Sasa turudi Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1960 swali la huku halikuwa kama dawa zinafanya kazi. Swali lilikuwa nani atamaliza dozi. Tiba ilichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mtu akishapata nafuu huacha vidonge akarudi shambani. Kituo cha Utafiti wa Kifua Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa Nairobi, kikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kilifanya majaribio katika hospitali za ukanda wetu kutafuta tiba fupi na ya bei ndogo. Mwaka 1972 wakatangaza jambo lililobadilisha dunia: ukichanganya streptomaisini na isoniazidi, ukaongeza rifampisini au pirazinamidi, miezi sita inaweza kutosha.

Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Mshauri wake mkubwa alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Czechoslovakia aliyekuwa mfungwa kwenye kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, na huko akaambukizwa kifua kikuu yeye mwenyewe. Styblo na madaktari wa Tanzania walijenga utaratibu wa kumwandikisha kila mgonjwa, kupima makohozi yake kwa hadubini, na kuhakikisha anameza dawa mbele ya mhudumu. Kuanzia mwaka 1982 wakaingiza tiba fupi: miezi miwili ya dawa nne, ikiwemo sindano ya streptomaisini kila siku, kisha miezi sita ya vidonge vya thiasetazoni na isoniazidi nyumbani. Ile miezi miwili ya kwanza mgonjwa kwa kawaida alilazwa, kwa sababu sindano ya kila siku na rifampisini ya bei ghali hazikuweza kuachwa holela.

Utaratibu huo, uliotengenezwa hapa katika nchi maskini, ndio uliokuja kuwa msingi wa mkakati wa DOTS ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliusambaza ulimwenguni miaka ya 1990. Ni fahari yetu, wala siandiki kuibomoa. Babu yangu alikuwa mmoja wa watu waliookolewa nao. Ninachotaka ni kufuatilia kile kilichotokea ndani ya sikio lake katika miezi ile miwili.

Matuta ndani ya sikio

Sikio unaloliona pembeni mwa kichwa ni kibanda cha mbele tu. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya mfupa mgumu nyuma yake, na humo kuna idara mbili. Ya kwanza ni koklea, mrija uliojiviringa kama konokono, unaoshughulikia sauti. Ya pili ni idara ya mizani: mirija mitatu iliyopinda nusu duara inayopima kichwa kinavyogeuka, na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za mawe ya chokaa vinavyopima kuinama na kwenda kasi. Zote mbili zimejaa majimaji, na zote mbili zina mfanyakazi wa aina moja. Anaitwa seli nywele.

Katika kila koklea ya binadamu seli hizi ni takribani 15,000. Ndege akizipoteza huota nyingine. Mimi na wewe hatuna bahati hiyo. Tulizozaliwa nazo ndizo hizohizo.

Juu ya kila seli nywele kuna vijinywele kadhaa vilivyosimama kwa safu, safu fupi mbele, ndefu kidogo nyuma yake, ndefu zaidi nyuma kabisa. Mara ya kwanza kuona picha yake nilicheka peke yangu: ni matuta ya Mgeta haya! Majimaji yakisukumwa na sauti au na mwendo wa kichwa, vijinywele vinalala upande mmoja. Hapo seli inatuma taarifa kwenye neva, na neva kwenye ubongo. Swali lililowasumbua wanasayansi ni hili: kusukumwa kunageukaje kuwa umeme?

Mwaka 1977 James Hudspeth na David Corey, wakiwa California, walichukua seli nywele kutoka sikio la chura, wakasukuma vijinywele kwa sindano nyembamba ya kioo huku wakipima umeme wa seli. Ukivisukuma kuelekea upande wa virefu, seli inawaka. Ukivisukuma upande wa vifupi, inazimika. Mwaka 1979 wakapima kasi. Jibu la seli lilianza katika sehemu kama 40 za milioni ya sekunde. Hiyo kasi ndiyo ilikuwa ushahidi. Jicho, kwa mfano, linapopokea mwanga hutumia mlolongo wa kemikali, moja ikiamsha nyingine, na mlolongo unachukua muda. Katika sikio hakuna muda wa mlolongo. Maana yake kuna mlango unaovutwa moja kwa moja, kama mlango wenye kamba.

Kamba yenyewe ilionekana mwaka 1984. James Pickles na wenzake wa Birmingham, Uingereza, wakiangalia sikio la simbilisi kwa hadubini ya elektroni, waliona uzi mwembamba sana unaotoka kwenye ncha ya kijinywele kifupi na kufungwa ubavuni mwa kile kirefu kilicho jirani. Vijinywele vikilala, uzi unakazika. Ukikazika, unavuta.

Mlango unaovutwa ni chaneli ya ioni. Usiogope jina. Kila seli imezungushiwa utando wa mafuta ambao chembe zenye chaji ya umeme, yaani ioni, haziwezi kuupenya. Chaneli ni protini iliyotoboa utando huo na kuacha tundu katikati, tundu lenye kizuizi kinachofunguka na kufunga. Kuna chaneli zinazofunguliwa na kemikali, nyingine na joto, nyingine na volteji. Hizi za sikio zinafunguliwa na mvuto. Zikifunguka, ioni za potasiamu na kalsiamu zinaingia kwa fujo, na huo ndio umeme tuliokuwa tukiutafuta. Jeni la protini inayounda tundu hilo, TMC1, lilitambuliwa mwaka 2002 kwa kuchunguza familia ambazo watoto huzaliwa viziwi, ingawa ilichukua zaidi ya miaka kumi ya utafiti kuthibitisha kwamba protini hiyo ndiyo tundu lenyewe.

Mgeni mlangoni

Sasa ndipo hadithi mbili zinakutana.

Mwaka 1989 Hudspeth na wenzake walionyesha kwamba dawa za jamii ya streptomaisini, ziitwazo aminoglikosaidi, huziba tundu la chaneli hizo kutoka nje. Zinakaa mlangoni kama gogo lililokwama kwenye mfereji. Hilo peke yake lisingemfanya mtu awe mlemavu, kwa sababu gogo likiondoka maji yanapita tena. Jibu kamili lilikuja mwaka 2005. Walter Marcotti, Sietse van Netten na Corné Kros, wakitumia seli nywele za panya, walionyesha kwamba ndugu wa streptomaisini hakai mlangoni tu. Anapita.

Mambo matatu yanamsaidia. Kwanza, tundu la chaneli hii ni pana kuliko la chaneli nyingi, linatosha molekuli kubwa kama hiyo kupenya. Pili, dawa ina chaji chanya, na ndani ya seli kuna chaji hasi, kwa hiyo inavutwa kuingia. Tatu, kwa sababu hiyohiyo, kutoka ni shida. Ni kama mgono wa kuvulia samaki: mlango wa kuingilia upo, wa kutokea haupo. Kila sindano inaongeza kidogo, na kilichoingia kinabaki.

Ndani ya seli dawa inafika kwenye mitokondria, vituo vya nishati. Mitokondria asili yao ni bakteria waliomezwa na seli za mababu zetu wa kale mno, na viwanda vyao vya protini bado vinafanana na vya bakteria. Dawa iliyotengenezwa kuvuruga ribosomu za bakteria inakuta humo kitu inachokifahamu. Ni mojawapo ya njia zinazodhaniwa kuichosha seli hadi inakufa. Na haioti nyingine.

Jambo lililonishika zaidi ni hili: milango hii haifungwi kabisa. Hata ukiwa umelala kimya, baadhi yake iko wazi kidogo, ili seli iwe tayari kuhisi msukumo mdogo kabisa. Utayari huo ndio unaotuwezesha kusikia mnong'ono. Na ndio ulioipitisha dawa. Sikio halikuumia kwa sababu ni dhaifu. Liliumia kwa sababu lilikuwa kazini.

Kwa streptomaisini, seli zinazoumia zaidi ni za idara ya mizani. Ndugu zake kanamaisini na amikasini hupenda zaidi koklea, na mgonjwa hupoteza kusikia. Figo ndizo zinazoitoa dawa mwilini, kwa hiyo mtu mwenye figo zilizochoka, au mzee, hubaki nayo damuni muda mrefu zaidi na hatari inaongezeka.

Kwa nini magharibi?

Tumebakiwa na fumbo la watu wa Mgeta: mbona mchana yuko sawa?

Mwili una mashahidi watatu wa mizani. Sikio ni mmoja. Jicho ni wa pili: linaona mti umesimama wima, linajua na wewe umesimama wima. Wa tatu ni miguu yenyewe, kwa maana ya ngozi ya nyayo, misuli na viungo. Shahidi huyu wa tatu naye anatumia chaneli zinazofunguliwa na mvuto, ila za aina nyingine. Zinaitwa Piezo, neno la Kigiriki la kukandamiza. Bertrand Coste na Ardem Patapoutian walizitambua mwaka 2010, na mwaka 2021 Patapoutian alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius. Chaneli ya Piezo2 ndiyo inayokuwezesha kujua goti lako limekunjwa kiasi gani hata ukiwa umefumba macho. Mlango wake si ule wa seli nywele, na hao mashahidi wa miguuni hubaki salama.

Kwa hiyo babu alikuwa na mashahidi wawili kati ya watatu. Mchana wawili wanatosha. Giza likiingia jicho linanyamaza, anabaki na miguu peke yake. Kwenye sakafu ya saruji miguu ingetosha. Kwenye njia ya Mgeta, yenye udongo laini, mawe yanayoviringika na mteremko usioisha, miguu inadanganywa kila hatua. Mlevi hupepesuka saa zote. Aliyepoteza mizani ya masikio yote mawili hupepesuka macho yanaposhindwa. Wale waliosema "mchana yuko sawa" walikuwa wameshika ushahidi mkononi, wakausoma vibaya.

Nani alijua?

Siwezi kuandika haya bila kuuliza swali hilo. Madaktari walijua tangu mwaka 1945 kwamba dawa inadhuru mizani. Vitabu vya tiba viliandika. Je, ilikuwa kosa kuitumia? Kwa miaka ile, hapana. Dawa mbadala zilikuwa ghali mno au hazikuwepo, na upande wa pili wa mizani, tuseme hivyo, kulikuwa na kifo. Babu mwenyewe nadhani angechagua sindano tena.

Lakini hakuchagua, kwa sababu hakuambiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba miguu ikianza kuwa mizito gizani aseme mapema, wakati dozi bado inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Hakuna aliyewaambia ndugu zake. Pengo hilo likajazwa na pombe na uchawi. Ugonjwa ulimwachia mapafu mazima, maelezo yaliyokosekana yakamwachia jina baya.

Na hadithi haikuishia miaka ya 1980. Ulipozuka kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, tiba yake ilitegemea sindano za jamii hiihii, kanamaisini na amikasini, kwa miezi mingi mfululizo. Tanzania ilianza kuwatibu wagonjwa hao Kibong'oto mwaka 2009. Duniani kote watu wengi walipona kifua kikuu sugu wakatoka hospitali wakiwa hawasikii, wakiwemo vijana na watoto. Wagonjwa na wanaharakati wakapiga kelele, hasa baada ya kidonge kipya, bedakwilini, kuidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012. Mwaka 2017 WHO ilishauri kuachana na ule mpango wa kurudia tiba kwa kuongeza streptomaisini. Mwaka 2018 ikatangaza kwamba kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na vidonge vitangulie sindano. Leo mgonjwa wa kifua kikuu sugu anaweza kutibiwa kwa vidonge vitupu.

Ndugu mmoja wa jamii hii bado yuko nasi kila siku: gentamaisini. Inaokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, mara nyingi kwa dozi za siku chache, na tafadhali usikimbie na mtoto kwa sababu umesoma makala hii. Unachoweza kufanya ni kuuliza na kusema. Kama wewe au mgonjwa wako mnachomwa dawa za jamii hii na masikio yanaanza kuvuma, sauti zinafifia, kichwa kinakuwa chepesi au maandishi yanaruka unapotembea, mwambie mhudumu siku hiyohiyo. Mwambie pia kama una tatizo la figo, au kama kuna watu wa ukoo wenu waliopoteza kusikia baada ya sindano. Maabarani wapo wanaotafuta kifuniko cha ule mlango, kitu cha kuuziba wakati wa tiba na kuufungua baadaye. Mpaka kipatikane, kinga kubwa ni taarifa ya mgonjwa mwenyewe.

Kuna kitu kimoja nilikielewa nikiwa naandika haya. Babu alipokuwa akirudi nami jioni hakuniegemea. Nilikuwa mtoto mdogo, nisingembeba. Aliweka vidole vyake begani kwangu, taratibu, kama mtu anayegusa kikombe kuona kama chai imepoa. Siku zile nilidhani ni kwa sababu ananipenda, na huenda ilikuwa hivyo. Lakini watafiti wa mizani wameshapima jambo hili: mguso mwepesi wa ncha ya kidole kwenye kitu kilichotulia, mwepesi kiasi kwamba hauwezi kubeba uzito wowote, hupunguza kuyumba kwa mwili. Ngozi ya kidole inampa ubongo shahidi mwingine.

Babu hakuwahi kusikia neno chaneli. Ila alikuwa amegundua mwenyewe, njiani, kwamba mlango mmoja ukifungwa unatafuta mwingine. Kwa hiyo ukikutana jioni na mzee anayepepesuka njiani, kabla hujasema ni pombe, mpe bega aweke vidole.